Mwenzangu Yupo

Jioni ile chumba namba tisa kiliitikia mara mbili.

Hilo peke yake lisingekuwa neno, maana vyumba vyote vya ghorofa ya pili, isipokuwa namba moja cha kiongozi anayelala peke yake, viliitikia mara mbili. Ndivyo walivyozoeshana. Saa mbili na nusu usiku, vyombo vikiwa vimeoshwa na foleni ya bafuni imepungua, Mama Ghorofa alisimama pale ngazi zinapoishia, akagonga ukuta kwa bonge la funguo zake, na wasichana wakaanza kuitikia chumba baada ya chumba bila hata kufungua milango. Wa kitanda cha dirishani alianza: "Mwenzangu yupo." Wa kitanda cha mlangoni akafuata: "Mwenzangu yupo." Vyumba tisa, vitanda kumi na vinane, sauti kumi na nane, kisha kila mtu akarudi kwenye vitabu vyake au kwenye umbea wake. Lakini chumba namba tisa kilikuwa na msichana mmoja tu, na Mama Ghorofa alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye ndiye aliyelificha.

Usimwone anaitwa mama ukadhani ana mtoto. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka wa tatu wa ualimu, hana mume wala mchumba wa kuaminika. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kuhangaikia watu. Alikuwa kiongozi wa ghorofa ya pili katika bweni la wasichana la chuo, kazi isiyo na mshahara wala shukrani, na aliiomba mwenyewe. Sababu ya kuiomba hakumwambia mtu. Mwaka uliotangulia, msichana wa chumba namba mbili aliugua homa siku tatu mlango ukiwa umefungwa, mwenzake wa chumba amesafiri, na ghorofa nzima ikawa inapita mlangoni pake kwenda kuoga. Kuna hata aliyegonga kuomba pasi, na alipokosa jibu akasonya. Mlango ulipovunjwa, msichana alikuwa hai lakini haelewi anachoambiwa, wakaja wa kwao kumchukua, na chuoni hakurudi. Mama Ghorofa alikuwa mmoja wa waliopita. Alipita na ndoo yake asubuhi zote tatu.

Kwa hiyo alipopewa funguo aliwaita wote koridoni, wakaketi kwenye mikeka, akawaambia kuwa ghorofa hii haitakuwa tena mahali pa watu kumi na tisa wasiojuana. Kila jioni wataulizana. Na mtu asijisemee mwenyewe. "Anayeumwa atasema nipo. Anayelia atasema nipo. Wote tumekaa darasani, tunajua 'nipo' inavyosemwa na mtu ambaye hayupo kabisa. Aulizwe mwenzake."

Walicheka, kama ilivyo ada. Msichana mmoja wa chumba namba saba, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, alisema hata akiolewa mume wake hatamhesabu namna hii. Lakini wiki ya tatu haijaisha, kicheko kikageuka mazoea na mazoea yakageuka mapenzi. Walianza kuazimana chumvi, kusukana nywele koridoni, kumpelekea uji anayeumwa. Matroni wa bweni, mama mkali asiyesifu hata mvua, alipanda ngazi siku moja akatazama, akasema, "Hapa pana watu." Mama Ghorofa alilala na maneno hayo mawili matatu kama mtoto aliyepewa nguo mpya.

Kisha mdogo wake naye akachaguliwa chuo kile kile. Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Mama aliwaita sebuleni, akaushika mkono wa mdogo, akauweka ndani ya mkono wa mkubwa, akasema, "Nimekupa huyu. Macho yangu hayafiki kule, yako yanafika." Mdogo huyo alikuwa binti mpole, mwenye woga wa kulala peke yake tangu utotoni, na ghorofa nzima ikamwita Mdogo, ikamdekeza. Alipangiwa chumba namba tisa, kitanda cha dirishani. Kitanda cha mlangoni kilikuwa cha Bi Haraka, msichana aliyekuwa akila amesimama na kupiga mswaki akishuka ngazi.

Wiki ya tano Bi Haraka akapigiwa simu kwamba mama yake ameanguka na upande mmoja wa mwili umekataa. Alifungasha kwa dakika kumi. Baada ya siku chache akaandika ujumbe kwamba hawezi kurudi mwaka huu, labda ujao. Kanuni ya bweni ilikuwa wazi: kitanda kikibaki kitupu, kiongozi ampe Matroni taarifa siku hiyo hiyo, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyebaki peke yake ahamishiwe bweni la ng'ambo ya barabara kujaza nafasi huko. Mdogo aliposikia alilia mpaka akashikwa na kwikwi.

"Usinipeleke kule, Dada. Simjui mtu kule."

"Nani kasema nakupeleka?" Mama Ghorofa akafunga mlango. "Wewe sema tu yupo, kama kawaida. Nami nitakuitikia wewe kutoka koridoni. Bi Haraka hata alipokuwepo nani alikuwa anamwona?"

Na kweli, hakuna aliyegundua. Jioni thelathini na nane Mdogo alikitazama kitanda kile chenye godoro tupu akasema, "Mwenzangu yupo," na Mama Ghorofa, aliyekuwa tayari amesogea karibu na mlango, akaibana sauti yake na kusema, "Mwenzangu yupo." Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Hawa ndugu wawili walimwekea asiyekuwepo nafasi yake, wakaitunza, wakaitolea ushahidi kila siku.

Ndipo jioni ya thelathini na tisa, Mdogo aliposema lake, kabla Mama Ghorofa hajafumbua kinywa, sauti ikatoka ndani ya chumba ikasema, taratibu na kwa adabu, "Mwenzangu yupo."

Chumba namba kumi kikaendelea. Mama Ghorofa alisukuma mlango akiwa na maneno ya kumgombeza mdogo wake kwa utani wa kijinga. Alimkuta ameketi kwenye kitanda cha dirishani, anafunga kilemba, pini mbili kazibana kwa meno.

Mdogo akazitoa. "Nilidhani ni wewe, Dada. Ila leo umesemea karibu sana."

Wakakitazama kitanda cha pili. Katikati ya godoro palikuwa pamebonyea, kisha, mbele ya macho yao, polepole, pakajaa. Na chumbani mlikuwa na harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo mbichi, ingawa hakuna aliyekuwa amepiga pasi.

Mtu akiogopa hutafuta panya. Mama Ghorofa alisema ni panya ndani ya godoro, akalipiga kwa kiatu, akalala na mdogo wake usiku huo. Hawakuzungumza habari hiyo asubuhi. Lakini siku ya nne Mdogo alimfuata jikoni, akamvuta kanga.

"Anapumua," akanong'ona. "Nikizima taa anapumua. Nikiwasha ananyamaza. Jana nimeamka nikakuta nimefunikwa vizuri, shuka imechomekwa pande zote, Dada, kama anavyofanya mama."

"Umeota."

"Sikulala."

Mama Ghorofa alikuwa bado anatafuta jibu Redio alipoingia na sufuria yake, akaiweka juu ya jiko, na bila kuulizwa akaanza matangazo. "Lakini Bi Haraka siku hizi katulia jamani. Hata kutembea anatembea pole. Jana nimeacha sufuria imeungua, asubuhi naikuta inang'aa. Nikamwona anaondoka na ndoo. Yule msichana ana moyo."

Mama Ghorofa alishika ukingo wa sinki. "Ulimwona usoni?"

"Sasa nimwone usoni nina kesi naye? Si alikuwa kanipa mgongo."

Akawauliza wengine, mmoja mmoja, kwa njia za kuzunguka ili wasishtuke. Wote walikuwa wamemwona. Mmoja alianuliwa nguo zake mvua ilipokaribia. Mwingine alishikwa mkono gizani umeme ulipokatika, akasindikizwa hadi mlangoni pake. Wote walimsifu, na wote, alipowauliza ana sura gani sasa, walifumbua mdomo, wakafikiri, wakacheka kidogo, wakasema alikuwa amegeukia kule. Hakuna aliyeona ajabu. Ghorofa ilikuwa imefundishwa kupenda mtu bila kumhoji, na mwalimu alikuwa yeye.

Mchana huo alijifungia chumbani kwake akampigia simu Bi Haraka.

"Niko kwa mama," Bi Haraka alisema, na nyuma yake mtu mzima alikuwa anaugulia. "Namgeuza, vidonda vya mgongo. Kuna nini, Matroni ameuliza?"

"Hapana. Nilitaka tu kukujulia hali."

Koridoni zilipita ndala, taratibu, fya, fya, fya, na Redio akaita kwa sauti yake ya sokoni, "Bi Haraka, nifungie bomba huko uendako." Sauti ikajibu, "Haya." Kisha Bi Haraka, yule wa kweli, aliyekuwa mbali siku nzima ya safari na mama yake mikononi, akauliza polepole, "Huyo nani anaitikia jina langu?"

Mama Ghorofa alikata simu. Alikimbia moja kwa moja kwa Matroni, akaungama yote, kitanda kitupu, uongo wa jioni thelathini na nane, na sasa hiki kilichoingia. Alikuwa tayari kuvuliwa uongozi. Alikuwa tayari hata Mdogo apelekwe ng'ambo ya barabara, apelekwe popote, mradi atoke. Matroni alimsikiliza akiwa anakata kucha.

"Kitanda gani kitupu? Msichana wa namba tisa wa mlangoni amenisalimia leo asubuhi hapo ngazini. Ana heshima kuliko wewe unayekuja kunisimulia hadithi mchana. Kama umegombana naye kapatane naye. Si wewe unayehubiri umoja?"

Jioni hiyo alimhamishia Mdogo chumbani kwake, namba moja, akafunga namba tisa kwa ufunguo, ufunguo akautia ndani ya soksi aliyoivaa. Saa mbili na nusu aligonga ukuta. Vyumba vikaitikia, namba mbili, namba tatu, mpaka namba nane, na alipotarajia kuruka kwenda kumi, ndani ya namba tisa iliyofungwa ile sauti ya adabu ikasema, "Mwenzangu yupo," ikanyamaza, ikangoja. Korido yote ilingoja nayo. Kisha nyuma yake, huku chumba namba moja, akamsikia Mdogo akijibu. Aligeuka akamwona amesimama kizingitini, viganja vyote viwili amevibana mdomoni, machozi yanashuka juu ya vidole, na maneno yanatoka vile vile katikati ya vidole, "Mwenzangu yupo."

"Sikutaka," Mdogo alisema baadaye, akiwa chini ya mablanketi mawili. "Mdomo umezoea."

Tangu siku hiyo Mdogo akaanza kupungua. Hakupungua mwili, hilo lingetibiwa. Alipungua machoni mwa watu. Mhadhiri aliruka jina lake mara tatu kwenye daftari na alipojitaja akamtazama kama anayesoma maandishi madogo. Wasichana waliokuwa wakimdekeza walipika wakagawana wakasahau sahani yake, walipokumbushwa wakasikitika kwa dhati, na kesho yake wakasahau tena. Redio alimkanyaga mguu jikoni, akageuka akakiomba radhi kiti. Na kadiri Mdogo alivyopungua, yule wa namba tisa aliongezeka, akawa anasikika akiimba bafuni, akawa anacheka koridoni kwenye mikeka, amekaa kwenye kona ambayo balbu yake iliungua, na wenzake wakimzunguka, wakimsuka, vidole vyao vikizama ndani ya nywele ambazo Mama Ghorofa, akitazama kutoka mlangoni kwake, hakuweza kuona zinaanzia wapi na giza la ile kona linaishia wapi.

Mtu pekee aliyemwamini alikuwa mfagizi wa bweni, mama wa makamo waliyezoea kumwita Shangazi.

"Mimi sijasoma," Shangazi alimwambia, wakiwa kwenye chumba cha mafagio. "Lakini nafagia. Chini ya kila kitanda cha binadamu natoa vumbi, natoa nywele. Chini ya kile cha mlangoni hapo tisa, wiki tatu sasa, fagio linatoka safi. Ngoja nikuletee mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa mganga, na hakufanana na waganga wa kusimuliwa. Alikuwa mama mnene mwenye miwani na mkoba wa begani, utadhani karani amekuja kukagua mabomba. Matroni mwenyewe alimpisha ngazini akidhani hivyo. Aliingia namba tisa mchana kweupe, akasimama katikati, akanusa, akatoka, hakuwasha chochote. Aliketi chumbani kwa Mama Ghorofa akauliza maswali mafupi. Nani alisema? Alisema nini? Mara ngapi? Mbele ya nani?

Alipojibiwa yote alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Mimi kazi yangu ni kutoa kilichoingia kwa wizi. Huyu hakuiba. Kuna majini wasio na kwao, hupita milango ya watu wakisikiliza ni wapi patasemwa pana mtu na mtu hayupo. Nyinyi mlisema hivyo jioni thelathini na nane, mbele ya mashahidi kumi na sita. Hata mahakamani angeshinda."

"Kwa hiyo hatoki?"

"Aliyemtolea ushahidi aufute kwa kinywa chake. Saa ile ile, mbele ya wale wale. Aseme, mwenzangu hayupo. Mara moja inatosha." Akamgeukia Mdogo, na ilimchukua muda kumpata alipokaa, ingawa alikuwa mbele yake. "Binti, unanisikia? Kitanda chako ndicho huanza. Anza. Usiache nafasi hata ya kumeza mate. Asikutangulie."

Siku nzima walifanya mazoezi. Mwenzangu hayupo. Mwenzangu hayupo. Mdogo aliyasema akiwa anakunywa chai, akiwa anaoga, mpaka sauti ikakauka. Ilipofika jioni Mama Ghorofa alimpa Redio funguo agonge ukuta badala yake, akaingia namba tisa na mdogo wake, wakaketi pamoja kwenye kitanda cha dirishani, taa inawaka, ameushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili. Kitanda cha pili kilikuwa kitupu, shuka imenyooshwa bila kunyanzi. Ile harufu ya pasi ilikuwa nzito hadi machozi yanatoka.

Redio akagonga. Namba moja kilikuwa kimya kwa kuwa mwenyewe alikuwa huku. Namba mbili wakaitikia, namba tatu, na sauti za wasichana zikaja zikikaribia mlango kwa mlango, zikiwa na uchovu na vicheko vya kila siku, wote hawajui kinachoendelea, na Mama Ghorofa akausikia mkono wa mdogo wake ukilowa jasho ndani ya yake, akausikia mshipa wake ukidunda, akamnong'oneza, "Namba nane wakimaliza tu, sema, mimi nipo hapa, sema tu," na namba nane wakasema, wa kwanza, wa pili, na Mdogo akavuta pumzi akaanza, "Mwenzangu," na hapo midomo yake, iliyolisema neno moja jioni baada ya jioni mpaka likachimba njia yake yenyewe, ikajikunja kutaka kusema yupo, naye akaibana, akaizuia, akapigana nayo kwa nukta moja tu ya kuvuta pumzi.

Katika nukta ile kitanda cha mlangoni kikasema, "Mwenzangu hayupo."

Hakukuwa na kishindo. Taa haikuzimika. Mama Ghorofa alihisi tu mkono aliokuwa ameushika ukipoteza uzito, kidogo kidogo, joto likitoka kwanza na jasho likibaki, mpaka viganja vyake vikakutana. Alipiga kelele, "Yupo! Yupo huyu hapa, mimi nasema yupo!" lakini yeye hakuwa mwenzake wa chumba, na desturi ya ghorofa ile haikumpa mtu ruhusa ya kumsemea asiye wake. Alikuwa ameitunga mwenyewe. Huko nje Redio akauliza, "Tisa vipi huko?" na namba kumi wakaitikia, na milango ikaendelea na mambo yake.

Alipogeuza kichwa, kulikuwa na msichana amesimama dirishani amempa mgongo, anafunga kilemba. Aligeuka. Alikuwa na uso wa Mdogo, wote, mpaka kovu la kidevuni alilolipata utotoni.

"Dada," akasema kwa upole, "mbona umeshika hewa?"

Mama Ghorofa alimpigia simu mama yake usiku ule ule. Hakujua atamwambia nini. Lakini kabla hajaanza, yule akainyoosha mikono akaipokea simu, akaongea robo saa, akacheka, akaulizia mguu wa mama unaouma wakati wa baridi, na simu iliporudi mama alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo siku nyingi. "Mtoto amechangamka. Yule woga umemtoka kabisa. Mungu akubariki mwanangu, umenitunzia."

Mganga alipopigiwa alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilisema asitanguliwe."

"Nifanye nini sasa, mama?"

"Huyo amekikalia kiti cha mdogo wako. Ukimfukuza, anaondoka na kiti chenyewe, na wako hatakuwa na pa kurudia. Ukimwacha..." Akasikika akiivaa miwani yake, akaivua tena. "Ukimwacha, yupo. Sina lingine, mwanangu. Usinipigie tena."

Ghorofa haikukosa mtu. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Aliwauliza kama wanamkumbuka Mdogo alivyokuwa, wakamshangaa, wakamwonyesha, si huyo hapo anamenya vitunguu. Bi Haraka naye walimsahau kama mtu aliyeshuka njiani. Ofisi ilipopata barua yake ya kuahirisha masomo, Matroni alipanda ngazi na daftari, akakuta kitanda cha mlangoni cha namba tisa kitupu, akamwita Mama Ghorofa.

"Kanuni unaijua. Ama huyu mwaka wa kwanza aende ng'ambo ya barabara, ama mtu ahamie. Na kwa kuwa ni mdogo wako wa tumbo moja, sioni haja ya kuhangaika. Hamia wewe."

"Matroni, nakuomba..."

"Ameniomba mwenyewe. Anakupenda sana."

Akahamia. Wasichana walimbebea godoro na vitabu, wakiimba, ghorofa ile ilikuwa na umoja wa kuonewa wivu. Yule alimtandikia kitanda, akaichomeka shuka pande zote.

Saa mbili na nusu Redio akagonga ukuta. Vyumba vikaanza kuitikia. Mama Ghorofa aliketi ukingoni mwa kitanda cha mlangoni, na kule dirishani yule aliketi akimtazama, mikono mapajani, mtulivu, kama mtoto anayesubiri kupewa ruhusa. Mama Ghorofa alikuwa ameamua. Toka mchana alikuwa ameamua kwamba atasema hayupo na liwe liwalo, heri pawe wazi kuliko pakaliwe na huyu. Namba saba wakaitikia. Namba nane wakaitikia. Kitanda cha dirishani ndicho huanza, lakini cha dirishani hakikusema kitu.

"Anza wewe, Dada," yule akanong'ona. "Wewe ni mkubwa."

Akafumbua kinywa.

"Ila mama ana watoto wawili," yule akaendelea, pole pole, kwa sauti ile ile iliyokuwa ikilia isipelekwe ng'ambo ya barabara. "Ukisema sipo, kesho atapiga simu ataniulizia. Na mimi zamu yangu ya kukusemea wewe ikifika, sijui nitasema nini."

Redio akagonga ukuta mara ya pili, akaita, "Tisa, mmelala?" Mama Ghorofa alimfikiria mama yake akicheka kwenye simu. Alimfikiria na Mdogo, popote alipokuwa, mahali pasipo na mlango, akisikiliza kama dada yake atampotezea na kile kiti cha kurudia.

"Mwenzangu yupo," akasema.

Yule akatabasamu, akaanza kufungua kilemba chake bila haraka, akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya mto. Huko nje namba kumi walikuwa bado wanangoja zamu yao. Mama Ghorofa alitazama mikono yake iliyokuwa juu ya magoti, akaona michirizi ya kanga inaonekana kidogo kupitia vidole, akatulia hivyo hivyo, akingoja kusemewa.